Muhuri wa Saba Umefunguka

Mama Mihuri alisoma kinyume kwa haraka kuliko wengi wetu tunavyosoma sawasawa. Hayakuwa maringo, ilikuwa kazi. Anayetengeneza mihuri ya mpira hushinda na maneno yaliyopinduka, yanayoanzia kulia kwenda kushoto, kwa sababu muhuri ukiuchonga sawasawa utagonga kinyume, na mteja atakurudishia huku amekunja uso. Baada ya miaka ishirini na minane, macho yake hayakuuliza tena upande. Ukimwekea gazeti mezani kichwa chini miguu juu, alikusomea kila kitu mpaka matangazo ya minada, kisha akakuuliza unashangaa nini.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi, kwenye jengo la ghorofa tatu lililojaa ofisi: ardhi, maji, leseni, na moja ambayo hakuna aliyejua inafanya nini ila ilikuwa na foleni ndefu kuliko zote. Mwenye jengo alikusudia sehemu ile iwe ya mafagio. Mama Mihuri akambembeleza mpaka mafagio yakahamishwa. Mlikuwa na meza, mashine ya kubana mpira kwa joto, ukuta mzima wa sampuli, na kiti kimoja cha mteja. Mtu mrefu aliingia ameinama, na akisahau wakati wa kuinuka, ngazi ilimkumbusha. Nyayo zilizopita juu ya kichwa zilimpa Mama Mihuri habari zote za mjini. Waliopanda mbio wakashuka wakijiburuta walikuwa wamenyimwa. Walioshuka wakipiga mluzi walikuwa wamepata.

Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, mtu mpole aliyeondoka mapema mno na kumwachia mashine, binti wa miaka tisa, na oda ya mihuri arobaini ambayo haijaguswa. Wiki ya kwanza alilia. Wiki ya pili alilia huku anachonga. Mihuri yote arobaini ikatoka, na ni minne tu iliyokosewa. Tangu hapo alimlea yule binti kwa IMEPOKELEWA, NAKALA HALISI, HAIRUHUSIWI na SIRI, akamsomesha, akamwoza. “Mji huu mzima,” alipenda kusema, “mimi peke yangu ndiye ninayeuza siri hadharani.”

Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitano, mwili umejaa vizuri, meno yote yapo, na alikuwa anapenda. Nalisema hivyohivyo bila kuzunguka, maana yeye mwenyewe alizunguka miaka mitatu na haikumsaidia kitu. Alikuwa anampenda Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu, alifundisha hesabu maisha yake yote, mjane wa miaka mingi, mrefu, mkavu, suruali imepigwa pasi hata siku za kufua. Kila Jumatano alasiri aliongoza Darasa la Unabii kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuwa na chati aliyoichora mwenyewe juu ya mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja. Palikuwa na ile sanamu ya Danieli yenye kichwa cha dhahabu na nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo. Palikuwa na wanyama wanne wanaotoka baharini, akiwemo yule chui mwenye mabawa ambaye, kwa mkono wa Mwalimu, alitoka kama paka aliyekalia mwavuli. Na mwisho kabisa, kwa rangi nyekundu, palikuwa na mihuri saba ya Ufunuo, kila mmoja na mwaka wake.

Darasa lenyewe halikuwa la watu wa kuitikia tu. Mchungaji, kijana mwenye subira, alisema mihuri ile ni taabu za kila kizazi, vita na njaa na mauti, na kwamba kitabu kiliandikwa kuwafariji watu waliokuwa wanateswa siku zile. Kinyozi aliamini yote yalitimia zamani, enzi za watawala wa Rumi, na kilichobaki ni kusawazisha kingo tu. Mama Kwaya alishikilia kwamba hata mmoja haujaanza, mpaka kwanza waamini wanyakuliwe, na kwa sababu hiyo alikuwa hakai mbali na dirisha. Waliyabishania hayo kwa furaha kubwa, wakakatizana, wakapigana makofi ya mabegani, wakaagana wakicheka.

Ila Mwalimu alikuwa na namba. Kwake yeye siku moja ya unabii ni mwaka, na wakati na nyakati na nusu ya wakati ni hesabu ya darasa la sita. Mihuri sita, alisema, imekwisha kufunguliwa. Umebaki mmoja. Mara mbili alikwisha kutaja tarehe, na mara mbili tarehe zikapita watu wamekaa wanakunywa chai. Mara ya kwanza aligundua kwamba alihesabu mwaka sifuri, na mwaka sifuri haujawahi kuwepo. Mara ya pili alijikwaa kwenye miaka mirefu, ile yenye siku ya ziada. Mara zote mbili alisimama mbele ya darasa, akachukua kalamu nyekundu, akajitia mkasi, ile alama ya kosa, yeye mwenyewe palepale kwenye chati. Si rahisi kumchukia mtu wa namna hiyo. Mama Mihuri alijaribu, akashindwa.

Na kila Jumanne Mwalimu alipita kibandani. Mtu aliyestaafu, asiye na ofisi, asiye na mwanafunzi hata mmoja wa kumsahihishia daftari, alikuwa amekwisha kuagiza muhuri wa IMESAHIHISHWA. Baadaye ukafuata VIZURI. Kisha RUDIA. Kisha, alipoishiwa kabisa na mawazo, akaagiza wenye jina lake tu, akaurudisha wiki iliyofuata akidai nukta ya mwisho imefifia. Mama Mihuri aliitazama ile nukta kwa lenzi. Ilikuwa nukta nzima, nyeusi tii.

“Kweli imefifia,” akasema. “Uache. Njoo Jumanne.”

Basi kwa nini mtu huyu hakusema neno? Kwa sababu ya ile chati. Jumatano moja aliliambia darasa kwamba anayepanga ndoa saa hizi ni kama mtu anayechagua mapazia ya nyumba iliyokwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Alilisema hilo akimtazama Mama Mihuri, na sauti ikamkatika katikati, ikabidi akohoe. Mama Mihuri aliyasoma yale maneno kinyume, kama alivyozoea, na akaona yalivyoandikwa hasa: nakutaka, ila sina muda.

Siku hiyo ndipo alipoinua mkono darasani, mara yake ya kwanza na ya pekee.

“Mimi si msomi,” alisema. “Ila mihuri naijua. Muhuri ukiutazama usoni, herufi zote zipo na ni za kweli, lakini zimegeuka. Usomeke lini? Mpaka aliyeushika augonge. Sasa sisi hapa naona tunakodolea mpira.”

Mchungaji akaandika kwenye daftari lake. Mwalimu alikwenda nyumbani, na kwa mujibu wa jirani yake, siku tatu hakushika kalamu.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka parapanda ilie, kama si binti. Binti wa Mama Mihuri alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku mbili, ana mtoto mmoja na wa pili yuko njiani. Alitaka mama yake ahamie kwake moja kwa moja.

“Mama, umekaa chini ya ngazi peke yako,” alisema kwenye simu, “unangoja nini?”

Mama Mihuri angemwambiaje mtoto aliyemzaa mwenyewe kwamba anangoja mwanamume? Akaahidi kwamba Ijumaa jioni atasema. Akisema ndiyo, shemeji wa binti, mwenye lori hapohapo mjini, angempitia Jumamosi asubuhi na mashine yake na vitu vyake vyote. Akafungasha begi. Akalifungua. Akalifungasha tena. Yeye mwenyewe alimtaka mjukuu kwa moyo wote. Lakini alijua wazi kwamba Mwalimu akitamka neno moja tu kabla ya Ijumaa jioni, hang’oki. Asipotamka, basi, angehama, na asingerudi kuuliza.

“Si umwulize wewe, mama?” alisema Dada wa Fotokopi, aliyekuwa na mashine yake kwenye korido, hatua nne kutoka pale. “Siku hizi wanawake wanauliza.”

“Mwanangu, nikimwuliza mimi, atanijibu kwa chati. Nataka aniulize yeye, na chati aiache nyumbani.”

Jumanne ile Mwalimu alikuja, akaulizia bei ya padi ya wino, akatazama viatu vyake, akaondoka. Jumatano alifundisha juu ya muhuri wa saba. Alhamisi hakuonekana. Ijumaa ikafika.

Ijumaa hiyo Mama Mihuri alikuwa na oda ya mihuri saba ya ofisi ya maji, ghorofa ya pili, na Karani wa Maji aliitaka kabla ya saa sita. Sita ilikuwa tayari imepangwa mezani. Wa saba ulikuwa wa ile aina inayojipaka wino yenyewe, wenye kasha la plastiki na springi ndani. Alipoubonyeza kuujaribu, kasha likaachia, likafunguka pande mbili, na springi ikaruka ikapotelea chini ya meza.

Akasonya. Akachukua simu ili amtaarifu karani asije akaanza kupiga makelele kwenye ngazi. Miwani ilikuwa kwenye paji la uso, lenzi ilikuwa jichoni, na kwenye simu yake jina la karani, “Dawati la Maji”, lilikuwa chini kidogo tu ya “Darasa la Unabii”. Kwa heshima na kwa haraka, akaandika:

“Bwana, sita tayari. Wa saba umefunguka.”

Akatuma. Simu ikalia kijilio cha mwisho, ikazimika kwa kuishiwa chaji. Hana hili wala lile, Mama Mihuri akapiga magoti, akaingia chini ya meza kutafuta springi.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kwa wale ambao hawakuwepo Jumatano. Ufunuo unasema muhuri wa saba ulipofunguliwa, kulikuwa kimya mbinguni kama muda wa nusu saa. Mwalimu aliueleza ule ukimya kipindi kizima. Aliwaagiza kwamba siku hiyo ikiwakuta, nao watanyamaza, nusu saa kwa saa ya mkononi, pasipo neno. Aliwaagiza pia kwamba mwenye kuona dalili yoyote aiandike kwenye grupu la darasa papo hapo, kwa maneno machache. Na Mama Mihuri, katika miaka mitatu, hakuwahi kuandika kitu kwenye grupu lile, hata pole, hata amina. Basi alipoandika, tena akaanza kwa kumwita Bwana, watu kumi na tisa wakaamini.

Yaliyotokea mjini dakika zile aliyasikia baadaye, kila msimuliaji akitia chumvi yake. Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja, akaketi, akafumba macho, na mteja akabaki na nywele upande mmoja akiuliza kuna nini, asijibiwe. Mama Kwaya aliondoa sufuria jikoni, akairudisha, akaiondoa tena, kisha akatoka mbio na kandambili mpaka kwa wifi yake ambaye walikuwa hawajasemezana miaka sita. Hakuweza kusema kitu, maana ndio ukimya wenyewe, kwa hiyo akamshika mkono, na wifi mtu, asijue kulikoni, akaanza kulia naye.

Chini ya ngazi, Mama Mihuri aliipata springi nyuma ya mguu wa meza. Akaibana kwa meno, akajivuta kinyumenyume, akainua kichwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja.

Alikuwa anahema. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu, wa kushoto una ndara. Vidoleni alikuwa na vumbi la chaki, la hesabu zake za nyumbani. Mikononi hakuwa na chochote ila simu, na saa yake ya mkononi aliyokuwa ameivua na kuiweka mezani mbele yake.

“Mwalimu!” Mama Mihuri akatoa springi mdomoni. “Karibu. Leo si Jumanne.”

Mwalimu akaweka kidole mdomoni.

“Kuna nini? Nani amefariki?”

Akatikisa kichwa kwamba hakuna. Macho yalikuwa yamemlowa.

Mama Mihuri alikuwa amesikia habari za watu wazima wanaopigwa ghafla na ugonjwa wakapoteza ulimi. “Inua mikono,” akaamuru. “Yote miwili.” Mwalimu akainua mikono yote miwili, kwa utii, mpaka ikagusa ngazi. “Tabasamu.” Mwalimu akatabasamu, na lilikuwa tabasamu zima, halijapinda popote, kiasi kwamba Mama Mihuri ilibidi atazame pembeni.

Alipotazama pembeni ndipo alipoiona simu. Mwalimu alikuwa ameilaza mezani, kioo kinawaka, maandishi yametazama upande wake yeye. Kwa mtu mwingine yangekuwa kichwa chini miguu juu. Mama Mihuri aliyasoma mara moja.

Bwana, sita tayari. Wa saba umefunguka.

Na juu yake, jina lake mwenyewe.

Akaketi. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kikafika kifuani, akakimeza kwa shida, kikarudi. Alijibana ubavu. Mungu wangu! Ofisi ya maji! Alifungua mdomo amwambie, na palepale wazo la pili likamjia, likamfunga mdomo lenyewe. Mtu huyu anaamini kwamba dunia imebakiza nusu saa. Angeweza kuwa kanisani. Angeweza kuwa amepiga magoti mbele ya chati yake aliyoihudumia miaka kumi na moja. Amevaa kiatu kimoja, amekimbia barabara nzima, amekuja kukaa chini ya ngazi.

Saa mezani ilionyesha kwamba zimebaki dakika kumi na tatu.

Nimwambie, aliwaza. Ni dhambi kumwacha. Kisha akawaza, nimwambie nini? Akijua ataona haya, atainuka, atagonga kichwa, ataondoka, na jioni ndiyo hiyo. Mungu anisamehe, akasema moyoni, nipe hizi kumi na tatu, nyingine zote chukua.

Wakakaa. Nyayo zilipita juu yao, zikapanda, zikashuka. Kwa miaka mitatu alikuwa akimtazama Mwalimu kwa kuibia, pembeni ya lenzi, na sasa akamtazama waziwazi, kama mtu aliyelipia tiketi. Akaona mvi za nyusi. Akaona kifungo kimoja cha shati kimeshonwa na uzi wa rangi nyingine, kwa mkono wa mwanamume. Na Mwalimu naye alimtazama, hakukohoa, hakukimbilia viatu. Furaha ilimjaa Mama Mihuri mpaka masikio yakawaka moto. Dada wa Fotokopi alichungulia kuomba pini za stepla, akawakuta wawili wale wanakodoleana kama picha ya ukutani, akarudi kinyumenyume, akaenda kukaa juu ya mashine yake bila pini.

Dakika tano. Dakika mbili. Sasa hofu ikaanza kumuuma, maana kosa la tatu, tena la kijinga namna hii, mtu mwenye heshima zake anaweza asilimudu. Mwalimu akaivuta saa karibu. Akafumba macho. Mshale ukafika.

Huko nje, lori la kuleta mchanga likapiga honi, ndefu, nzito, ya kukata na shoka.

Mwalimu aliruka juu wima, na ngazi ikamkaribisha kichwani, paa! Akakaa tena, ameshika utosi, macho yamemtoka, anasikiliza. Honi ikakatika. Dereva akatukana mtu. Mtu akamrudishia.

“Bado tupo,” Mwalimu akanong’ona.

“Tupo,” alisema Mama Mihuri. “Mwalimu, kabla hujasema neno jingine lolote, nisikilize.” Akaweka mbele yake lile kasha lililoachana pande mbili, na springi juu yake. “Wa saba ndio huu. Ni wa ofisi ya maji. Nilikuwa namwandikia karani.”

Mwalimu akauchukua. Akausogeza machoni, akaugeuza, akausoma kwa shida kwa sababu ulikuwa kinyume: MALALAMIKO YAMEPOKELEWA. Uso wake haukusema kitu. Basi, Mama Mihuri akawaza. Begi lipo mlangoni.

Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Kwanza akadhani analia. Kumbe ni kicheko, kicheko cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi, kinatoka kwa vipande, kwi, kwi, mpaka ikabidi ashike meza. Naye Mama Mihuri, aliyekuwa amekizuia chake dakika kumi na tatu, akaachia. Walicheka mpaka padi za wino zikaanguka.

“Miaka kumi na moja,” Mwalimu alisema alipopata pumzi, “nimejiandaa kwa nusu saa ile. Nilikuwa na sala nimeiandika, ukurasa mzima. Leo nimeisoma ile meseji, na sala yote ikafutika. Nikakukumbuka wewe tu.”

“Ukaja.”

“Nikaja. Nimekaa hapa nasema moyoni, mjinga mimi, miaka yote nilisema hakuna muda wa kuoa, na leo nimepewa nusu saa tu, naona ingetosha.” Akafuta macho kwa kiganja chenye chaki, uso ukawa mweupe upande mmoja. “Sasa nina muda mwingi mpaka sijui niuweke wapi.”

“Mimi sina,” alisema Mama Mihuri. “Kesho asubuhi mwanangu ananiletea lori. Nahama. Jioni hii ndiyo ninatakiwa kujibu.”

Mwalimu akageuka kama aliyepigwa kofi. “Unahama? Na mimi je?”

“Wewe vipi? Kwani umeniuliza kitu?”

“Usihame,” alisema Mwalimu. “Mama… Utakubali nikuoe? Mimi ni mtu wa kukosea. Mara tatu mpaka sasa, na nyingine zinakuja. Lakini nakupenda, nimekupenda tangu nukta, na ile nukta haikuwa imefifia.”

“Najua haikufifia! Niliitazama kwa lenzi!” Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakujali kipi kinaonekana. “Ndiyo. Ndiyo, Mwalimu. Nipe hiyo simu yako.”

Akampigia binti yake palepale. “Mwanangu, mwambie shemeji na lori lake apumzike. Siji kuhamia. Nitakuja ukijifungua, nikae mwezi, nirudi.”

“Urudi wapi, Mama? Una nini wewe, mbona unacheka?”

“Nina mchumba,” alisema Mama Mihuri, na neno lenyewe likamchekesha upya, akashindwa kuendelea.

Darasa likawa limefika. Nusu saa yao ilikuwa imekwisha pia, na wote walikimbilia kwa aliyeandika. Kinyozi alikuja na mteja wake, kichwa upande mmoja msitu, upande mmoja uwanja. Mama Kwaya alikuja na wifi yake, mikono bado imeshikana. Mchungaji alikuja na baiskeli, jasho linamtiririka. Wakajazana mlangoni, na nyuma yao Karani wa Maji akiwa ameshuka mwenyewe kudai mihuri yake, akipaaza sauti kwamba saa sita ni saa sita.

Mwalimu akatoka chini ya ngazi, akasimama wima katikati ya korido na kiatu chake kimoja.

“Ndugu zangu, muhuri uliofunguka ni wa huyu bwana hapa,” akamwonyesha karani. “Mwandishi hana kosa. Kosa ni langu niliyewafundisha kukaa roho juu. Nimekosea kwa mara ya tatu, na nitajitia mkasi Jumatano mbele yenu.” Mchungaji alikwisha kukaa kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti, mabega yanaruka. “Jambo la pili. Naoa. Namwoa huyu.”

Vigelegele vya Mama Kwaya vilifika ghorofa ya tatu. Wifi akaongeza vyake. Dada wa Fotokopi akapiga mayowe, akasema yeye alijua, alijua tangu asubuhi, na mteja wa kinyozi, asiyejua anashangilia nini, akapiga makofi kuliko wote.

“Lini?” aliuliza Mama Kwaya. “Mwalimu, lini?”

Wote wakamgeukia. Miaka kumi na moja mtu yule hakuwahi kukosa tarehe. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama juu, akatazama vidole vyake vya chaki, vikahesabu kidogo, vikaacha.

“Siku hiyo na saa hiyo,” akasema polepole, “mimi sijui. Mwulizeni mwenyewe.”

“Jumamosi ya tatu kuanzia kesho,” alisema Mama Mihuri kutoka mlangoni, bila kuvuta pumzi. “Saa nne asubuhi. Na asichelewe mtu.”